Stenti Moja au Mbili

Jumatano, wiki ya mwisho ya Machi 2009, Guangzhou.

Kuta zinatoka jasho. Waliokaa mji huu wanaujua msimu huu: joto lenyewe halijafika, lakini hewa yenye maji inaingia kwenye majengo yaliyobaki na baridi ya miezi iliyopita, na kila kitu kinalowa. Sakafu ya wodi imetandikwa maboksi yaliyokunjuliwa ili wagonjwa wasiteleze. Shuka langu ni bichi. Juu ya kabati dogo la pembeni kuna karatasi ninayotakiwa kuitia saini, na tangu asubuhi imeanza kujikunja pembe zake kwa unyevu.

Wanaofungua ukurasa huu wamezoea kunikuta nikizungumzia vitabu ninavyosoma, au watu wa Xiaobei, mtaa wetu Waafrika hapa mjini, au Mbeya ya ujana wangu. Leo naandika habari za moyo, kile kipande cha nyama chenyewe. Nina miaka sitini na saba na sijawahi kulazwa.

Naogopa. Nimeona bora niliandike hilo mapema.

Ilianza wiki mbili zilizopita. Nilikuwa napanda ngazi za daraja la waenda kwa miguu pale Xiaobei, kifua kikabana kana kwamba mtu amenikumbatia kwa nyuma na hataki kuniachia. Muuza matunda alinipa kigoda chake. Nilikaa mpaka ikapita, nikamshukuru, nikanunua mapapai mawili nisiyoyahitaji, nikaenda nyumbani. Siku tatu baadaye ikarudi nikiwa nimekaa tu, nasoma. Hapo ndipo nilipompigia Neema.

Neema ni binti wa Iringa, yuko hapa kwa ufadhili wa masomo, anamalizia udaktari na kwa sasa anafanya mafunzo kwa vitendo katika hospitali hii. Si ndugu yangu wa damu. Ananiita Babu, nami nimezoea hivyo kiasi kwamba siku akinitaja kwa jina nitageuka kuangalia anayeitwa.

Jumatatu walipitisha mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono wangu hadi kwenye moyo, wakamimina rangi, na mishipa yangu ikaonekana kwenye kioo, myeusi juu ya kijivu. Nilikuwa macho. Niliiona. Mshipa mkubwa wa mbele unashuka vizuri, halafu karibu nusu ya safari yake unatoa tawi. Pale pale panapogawanyika, rangi ilisinyaa ikawa kama uzi. Njia kuu imefinywa kabla ya njia panda na baada yake, na mdomo wa tawi nao umefinywa, na ubaya umeingia ndani ya tawi kwa urefu fulani.

Daktari Liang, bingwa wa moyo anayenitibu, mtu wa makamo mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa uzi, alisimamisha kazi. Alisema kama pangekuwa mahali pengine popote kwenye mshipa angepazibua siku hiyo hiyo. Njia panda inataka kufikiriwa kwanza.

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Nikiwa kijana nilishika fimbo ya kupimia kwenye ujenzi wa reli huko kwetu kusini, chini ya mafundi wa Kichina, na ndiko nilikojifunza lugha yao, kwa kupigiwa kelele za "kushoto kidogo" na "rudi nyuma" kutoka umbali wa mita mia mbili. Reli iliyonyooka unaweza kuilaza na kuisahau. Pale inapogawanyika ndipo penye kazi: vyuma vinakuwa vingi, vingine vinasogea, uchafu unajaa kwenye pembe, na mtunzaji hakosi kupita hata siku moja.

Jana alasiri Daktari Liang alivuta kiti, akageuza nyuma ya karatasi ya vipimo, akachora njia panda yangu kwa kalamu ya wino. Tuliongea Kichina. Neema alisimama miguuni pa kitanda, mikono kwenye mifuko ya koti jeupe.

Alinieleza kwamba stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma. Kinaingia kikiwa kimesinyaa juu ya puto dogo, puto likijazwa kinatanuka na kubaki pale kikiushikilia mshipa wazi. Swali lilikuwa viwekwe vingapi, na kwa namna gani.

Njia iliyo rahisi ni kuweka kimoja tu kwenye njia kuu, kikipita mbele ya mdomo wa tawi. Halafu unasubiri na kutazama. Tawi likiendelea kupitisha damu, unaliacha. Likisongwa, unapenyeza waya kupitia tundu la wavu, unalitanua kwa puto. Na mara nyingi hapo maputo mawili hujazwa kwa pamoja, moja njia kuu na moja tawini, yakigusana mashavu, ili wavu usipinde upande mmoja. Ikishindikana kabisa ndipo unaongeza stenti ya pili.

Njia nyingine ni kuamua tangu mwanzo kuweka mbili. Hapo mafundi wanatofautiana. Wapo wanaoanza na tawi, wakiacha ncha ya stenti ichomoze kidogo kwenye njia kuu, kisha wanaiponda ncha ile ukutani kwa stenti ya njia kuu. Mdomo wa tawi unafunikwa wote, pasibaki hata upenyo, lakini upande mmoja wa ukuta unakuwa na tabaka tatu za chuma. Wapo wanaoiingiza ya kwanza kutoka njia kuu hadi tawini, halafu ya pili inapita kwenye tundu la wavu wa ile ya kwanza na kuendelea na njia kuu. Zinakaa kama suruali, kiuno kimoja na miguu miwili, na kiunoni chuma ni mara mbili. Na wapo wanaoibandika ya tawi kwa pembeni tu, kichwa chake kikigusa mwili wa ile kubwa. Ni nadhifu, ila mara nyingi pembeni hubaki kipande kisichofunikwa, na hapo ndipo mfinyo unaporudi.

"Ipi ni bora?" nikamuuliza.

Alivua miwani. "Watu wengi, stenti moja inawatosha. Nikiweka mbili picha inapendeza zaidi kwenye kioo, lakini mgonjwa haishi ndani ya kioo. Wewe tawi lako ni kubwa, linalisha sehemu nzuri ya ukuta wa moyo, na ubaya umeingia ndani kwa urefu. Ndiyo maana nafikiria mbili. Za kuponda."

Kisha akauliza swali lake.

"Dawa mbili za kuzuia damu isigande. Kila siku, mwaka mzima, bila kukosa hata siku moja. Utaweza?"

"Nitaweza," nikasema.

Nilikuwa namdanganya.

Sikudanganya kwa sababu ya uvivu wa kumeza vidonge. Kibali changu cha ukaazi kinaisha mwisho wa Mei. Kilikuwa chini ya ofisi ya usafirishaji mizigo niliyoifanyia kazi ya ukalimani kwa miaka mingi, na ofisi ile ilifunga milango baada ya mwaka mpya, biashara ilipodorora. Sina mwingine wa kunidhamini. Na huu si mwaka wa kusuasua na karatasi. Tangu mwaka jana polisi wanasimama kwenye milango ya majengo ya Xiaobei na Sanyuanli, pasi mkononi, ukurasa wa viza uonekane. Nimeona vijana wakishuka ngazi za nyuma kwa kukimbia. Nimeona pia polisi kijana akimsaidia mama mjamzito kubeba begi lake hadi kwenye gari lililokuja kumchukua. Sijui niliweke wapi hilo la mwisho, kwa hiyo naliandika tu.

Mwisho wa Mei huenda nikawa njiani kurudi nchi ambayo sijaishi kwa miaka zaidi ya thelathini. Hiyo dawa ya pili, ile inayokwenda na aspirini, sijui kama nitaipata Mbeya, kila siku, bila kukosa. Ninachojua ni kwamba sijui. Lakini nilipoulizwa jana, nilijibu "nitaweza" kwa sauti iliyotulia, kama anayesema bei ya vitambaa.

Nieleze sauti hiyo ilikotoka.

Mimi ni mkalimani wa soko. Kazi yetu ina desturi ambayo haikuandikwa popote: mkalimani mzuri anachuja. Mwuzaji akisema, "Mwambie huyu mshenzi aondoke dukani kwangu," wewe unasema, "Anaomba uongeze kidogo." Mteja akisema, "Huyu mwizi mkubwa," wewe unamgeukia bosi, tunamwita laoban, unamwambia, "Anasema bidhaa yako ni nzuri ila safari yake ni ndefu." Wanacheka, wanapeana mikono, mzigo unafungwa. Nilijivunia kwamba kwenye meza yangu hawakupigana watu. Naamini bado kuna wema ndani yake. Maneno mengine ni ya kupita tu, hayastahili kufikishwa.

Tatizo ni kwamba nilichuja hospitalini pia.

Neema alipofika hapa na kuanza kuwasaidia wafanyabiashara wetu wanapougua, alikuwa anatafsiri kila kitu wima wima. Siku moja alimwambia mama mmoja wa Kahama, mbele ya foleni, kwamba ana uvimbe na huenda ni mbaya. Yule mama alichukua mkoba wake akaondoka, hakuonekana tena. Neema alilia nyumbani kwangu. Nami nikamfundisha kazi. Nikamwambia: usianze na ugonjwa, anza na kitu cha kuliwa. Mpe maji, mmiminie supu, kaa. Habari mbaya igawe vipande, na kile kikubwa mpe siku nyingine. Ukiulizwa "ni hatari?", sema "wapo waliopona."

Ambacho sikumwambia ni cha baadaye. Mzee mmoja wa Singida, mgonjwa wa sukari, kidonda mguuni. Daktari alisema asipande ndege kabisa mpaka kidonda kitibiwe. Tiketi yake ilikuwa ya kesho yake na harusi ya binti yake ilikuwa Jumamosi. Nikamwambia, "Anashauri upumzike ukiweza." Alisafiri. Harusi alihudhuria. Mguu haukupona, wakaukata chini ya goti. Alinipigia simu mwenyewe kunishukuru kwa kumsaidia hospitali, na mimi nikapokea shukrani.

Sijawahi kuliandika hili mahali popote.

Leo asubuhi, baada ya madaktari kupita vitandani, Daktari Liang alimwita Neema koridoni. Hapa kuna kawaida hiyo: mambo mazito anaambiwa kwanza ndugu, mgonjwa baadaye, au asiambiwe. Kwa kuwa sina ndugu hapa, Neema amekuwa ndugu. Niliwaona kupitia kioo cha mlango. Daktari alikuwa anakata hewa kwa kiganja, mara mbili, kitu kikubwa na kitu kidogo. Neema alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Alirudi akitabasamu. Akafungua chupa ya supu iliyotumwa na rafiki yangu Mama Tumaini, akanimiminia kikombe, akakaa.

"Kunywa kwanza, Babu, ya kuku wa kienyeji hii."

"Amesemaje?"

"Amesema njia zote ni nzuri tu. Wapo wengi waliofanyiwa wakapona. Wewe tulia, kesho asubuhi utasaini, Ijumaa tunamaliza."

Nikanywa supu. Ilikuwa nzuri. Ilipofika nusu kikombe ndipo nilipotambua kwamba ninahudumiwa na mikono yangu mwenyewe.

Sikumwuliza zaidi. Nilikuwa na changu cha kuficha, na mtu mwenye chake hapekui cha mwenzake. Akaenda kazini. Mgonjwa wa kitanda cha pili, fundi saa mstaafu ambaye tunaazimana gazeti, aliikodolea macho ile supu mpaka nikamgawia.

Mchana Mama Tumaini akapiga simu. Huyu ni mfanyabiashara wa Mwanza, hununua mashati na suruali pale soko la nguo la Shahe, na kwa miaka tisa amekuwa dada kwangu. Viza yake iliisha mwezi uliopita akisubiri mzigo uliochelewa, na sasa analala kwa rafiki, haji hospitali kwa sababu mlinzi wa chini anaandika pasi za wageni wanaokuja kutazama wagonjwa.

"Umekula, Mzee?"

"Nimekula nusu."

"Nusu ya supu yangu! Nusu nyingine umempa nani?"

"Mchina wa kitanda cha pili."

"Haya, angalau kaila mgonjwa. Sasa nieleze wanataka kukufanya nini, lakini nieleze kwa lugha ya Shahe. Ya hospitali inanitia usingizi."

Nikamweleza. Nikasema, chukulia mshipa ni mwili wa shati, na tawi ni mkono wake. Njia ya kwanza unashona mwili tu, mkono unauacha. Ukiona unabana, unaupasulia kidogo. Njia ya pili unaweka mkono kwanza, kisha ncha yake unaikandamiza chini ya mwili wa shati.

"Kwapani panakuwa na vitambaa vingapi?"

"Vitatu."

"Vitatu! Mzee, shati lolote nililorudishiwa na mteja lilichanikia kwapani. Mshono mnene ndio wa kuuangalia."

"Ukiutunza haichaniki. Kuna na nyingine inaitwa suruali."

"Suruali? Moyoni?"

"Kiuno kimoja, miguu miwili."

"Jamani wanaume! Hata moyo mnataka uvae suruali." Alicheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka, kwa tahadhari. Halafu akauliza, "Huo mshono mnene unatunzwaje?"

"Kwa dawa. Mwaka mzima, kila siku."

"Mwaka mzima. Na kibali chako kinaisha lini?"

"Mwisho wa Mei."

Nilisikia cherehani upande wake, mtu anamalizia pindo.

"Mzee. Daktari anajua?"

"Nimemwambia nitakunywa dawa."

"Sikukuuliza hilo."

"Mama Tumaini, haya mambo..."

"Yaani unachuja hata kwa daktari wa moyo wako! Mimi hapa najificha, sawa, kila mtu anajua. Lakini ukiniuliza unafanya nini, nakwambia najificha. Wewe umelala hapo na kibali chako kana kwamba una miaka mia. Huyo bwana anakushonea nguo kwa vipimo vya mtu mwingine."

Akakata simu. Hakuwa na hasira, ni salio lilikuwa limeisha. Alituma ujumbe baada ya muda: "Mwambie leo."

Nilikaa nikiitazama ile karatasi. Nilijaribu kufikiri kama fundi reli. Kama mhandisi ananiuliza, "Njia panda hii itakuwa na mtunzaji kila siku?" nami ninajua kwamba mtunzaji ataondoka wiki tisa zijazo, nitajibu nini? Ningemjibu asiweke vyuma vingi. Lingekuwa jibu jepesi, hata lisingenichukua dakika. Lakini hapo ningekuwa nazungumzia reli. Kumwambia daktari kibali changu kinaisha ni kumwambia kwamba baada ya miaka yote hii mimi ni mgeni ambaye muda wake umekwisha. Nadhani ni aibu, zaidi ya hofu. Nilitaka mtu mmoja katika mji huu, hata kwa siku tatu, anichukulie kama mtu atakayekuwepo mwakani.

Saa tisa na nusu Neema alipita kupima shinikizo la damu.

"Neema, mwanangu, vuta pazia."

Akavuta.

"Niambie alichokwambia Daktari Liang koridoni. Kama alivyosema. Usichuje."

"Babu, si nimeshakwambia?"

"Uliniambia baada ya kunimiminia supu. Aliyekufundisha kuanza na supu ni mimi."

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Kwa muda alichezea mpira wa kile kipimo cha shinikizo. Halafu akasema, akiangalia ukuta unaotoka jasho, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya daktari:

"Amesema ukiwekwa moja, tawi linaweza kuziba pale pale mezani wakati stenti inatanuka, na huenda wakashindwa kulifungua. Hilo litakuwa shambulio la moyo, dogo au la wastani. Ukiwekwa mbili, siku ile ni salama zaidi kwa tawi, lakini chuma ni kingi na kinachelewa kufunikwa na ngozi ya mshipa. Ukikatiza dawa kabla ya wakati, damu inaweza kuganda hapo na kuziba njia kuu na tawi kwa mpigo. Amesema hilo likitokea, mara nyingi mtu hafiki hospitali. Akaniuliza mara mbili kama wewe ni mtu wa kumeza dawa. Nikamwambia, Babu yangu hakosi. Samahani. Wewe ndiye uliyesema kile kikubwa apewe siku nyingine."

"Nilikosea," nikasema. "Na si mara moja."

Nikamweleza habari ya mzee wa Singida na mguu wake. Kisha nikamweleza kibali.

"Wiki tisa!" Alisimama, kipimo kikaanguka juu ya shuka. "Wiki tisa, Babu, na mimi jana usoni pako nakubaliana naye stenti mbili! Ningekuwa nimesaidia kukuua kwa heshima zote!"

Fundi saa wa kitanda cha pili akauliza kwa Kichina kama kila kitu kiko sawa. Nikamjibu kwamba hapana, ila tunapata nafuu.

Tulimkuta Daktari Liang ofisini kwake, ameshavua koti, anamenya chungwa. Neema alinitanguliza. Nilisimama mbele ya meza na nikasema kwa Kichina kilichonyooka, bila kutafuta neno la kulainisha: kibali changu kinaisha mwisho wa Mei, sina mdhamini, huenda nikaondoka, kule niendako sijui kama hiyo dawa ya pili nitaipata kila siku. Jana ulipouliza nilikujibu vibaya.

Hakukasirika. Aliweka chungwa juu ya gazeti, akafuta vidole, akatoa ile karatasi ya jana yenye michoro.

"Kwa mgonjwa niliyedhani ninaye, ningeweka mbili," akasema. "Wewe si mgonjwa yule."

Akafuta kwa mistari miwili ile stenti ya tawi. Alifikiri kwa kalamu, kama mafundi wa zamani. Tutaweka moja, akasema, njia kuu. Itakuwa ya chuma kitupu, isiyopakwa dawa, kwa sababu stenti ya namna hiyo mshipa huifunika upesi na vidonge viwili vya pamoja vinaweza kuwa kwa muda mfupi: mwezi bila mjadala wowote, na zaidi kama utaweza, kisha aspirini maisha yako yote. Waya tutauacha ndani ya tawi muda wote wa kazi, kama kamba anayofunga mtu juu kabla ya kushuka korongoni. Tawi likipitisha damu tutaliacha, hata kama picha haipendezi. Likisongwa, puto. Stenti ya pili iwe ya mwisho kabisa, kama maisha yanaidai.

"Na ubaya wake?" Neema akauliza. Nilifurahi kwamba aliuliza yeye, na mbele yangu.

"Inaweza kufinyika tena ndani ya miezi michache. Zaidi kuliko ile iliyopakwa dawa, ndiyo. Lakini mfinyo unarudi polepole, kifua kitakuambia, utakwenda kwa daktari popote ulipo. Damu ikiganda haikuambii." Akanitazama juu ya miwani. "Wewe ni mtu unayeweza kwenda kwa daktari na kumwambia ukweli?"

"Kuanzia leo saa kumi," nikasema.

Alicheka, akanipa nusu ya chungwa. Alisema ataandika barua kwamba nahitaji kuonwa hapa mara kwa mara baada ya kazi, niipeleke kwenye ofisi ya vibali. Hakuahidi kwamba itasaidia. Nilipenda kwamba hakuahidi. Na akasema nikiondoka, dawa zote niziweke kwenye begi la mkononi. Inaonekana ameshatibu watu wetu wa kutosha, wanaotuma hata dawa zao kwa kago pamoja na mashati.

Karatasi ile iliandikwa upya. Nimeisaini. Chini yake palikuwa na nafasi ya ndugu, na mbele ya nafasi ile, uhusiano na mgonjwa. Jana Neema angeandika mjukuu na mimi ningeitikia. Leo alishika kalamu hewani kwa muda, akanitazama, akaandika: mwanafunzi wake. Daktari Liang alisoma, akagonga mhuri.

Nimempigia Mama Tumaini kwa simu ya Neema. Nikamwambia, mwili wa shati tu, mkono tutauangalia. Akasema, "Na kwapani?" Nikamwambia, kitambaa kimoja. Akasema anafikiria kwenda mwenyewe polisi wiki ijayo, aseme viza imeisha, aombe njia ya kurudi Mwanza kwa heshima, kuliko kukutwa kwenye ngazi. Akaniuliza naonaje. Ulimi wangu ulishaanza kutafuta neno laini. Nikamwambia naogopa kwa ajili yake, watamshikilia siku kadhaa, na hata hivyo nadhani ni sawa, na nikiweza kusimama nitakwenda naye kutafsiri. Kila neno, kama litakavyosemwa.

Kesho hakuna kazi, ni siku ya kusubiri. Keshokutwa asubuhi watapita kwenye kifundo cha mkono tena, na tawi litaamua lenyewe. Bado naogopa. Ni hofu yangu sasa, nimeielewa na nimeitia saini.

Nesi amekuja na dawa za jioni, vidonge viwili kwenye kikombe cha karatasi. Nimevimeza vyote. Akaniuliza kama nimemeza, kama wanavyomwuliza kila mtu humu ndani. Nikafungua kinywa, nikainua ulimi, ili aone.